Vidole vya Waliobaki

Tarehe 4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku tu wazima, isipokuwa mama mkwe ana mafua yasiyokwisha na anasema yanaletwa na vumbi la vitambaa vyangu, kana kwamba mafua nayo yamesomea ushonaji. Cherehani nimeibadilishia mkanda, sasa inakimbia vizuri. Mdogo anaendelea salama, ananyonya, ni mtulivu, hasumbui mtu.

Sasa yaliyonifanya nishike kalamu. Shule zilipofunguliwa nilimvalisha Chiriku sare niliyomshonea mwenyewe, tukaenda. Unamjua kwa domo lake. Njia nzima ananiuliza darasa lina madirisha mangapi, mwalimu ana sauti nene au nyembamba, watoto wanakaa wawili wawili au watatu. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupa viti. Kisha akasema, "Mama, sina hata kitabu kimoja ambacho huyu anaweza kukisoma. Nikimpokea nitakuwa namkalisha tu."

Nikamwambia, "Basi akae tu."

"Kukaa tu," akasema, "hata nyumbani anaweza."

Wifi, nilitamani anitukane. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniua. Tuliporudi Chiriku akavua sare, akaikunja, akaniwekea juu ya cherehani.

Nasikia kuna vitabu vya kusoma kwa vidole. Wewe uko kwenye mji wenye hospitali kubwa na watu wa kila namna. Niulizie, tafadhali. Hata kimoja tu.

Na ukimwona kaka yako, mwambie watoto wanamuulizia. Simu ya nyumba aliondoka nayo alipokwenda kutafuta kazi, ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani. Namba nimeipiga kwa simu za majirani mpaka nimeona aibu, haipatikani. Chiriku namwambia baba yuko kazini mbali.

Wifi yako,
Mama Chiriku


Tarehe 2 Machi

Mama Chiriku, wifi yangu,

Nimepata barua yako. Pole, tena pole sana. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka. Wametuletea sabuni mpya dobini, inang'arisha mashuka ya wagonjwa na kututoa sisi ngozi. Mwambie mama anywe maji ya moto na aache kushitaki vitambaa.

Nimeuliza. Nilianza na muuguzi wa kliniki ya macho, yule ambaye namnyoshea koti akija na haraka zake. Yeye hakuwa na vitabu, ila alikumbuka kuna shule yenye darasa la wasioona. Nikaenda. Mlinzi akasema wageni ni Ijumaa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Ijumaa, akasema Ijumaa hii hapana, kuna mtihani. Ijumaa iliyofuata nikamwambia, "Baba, leo nitakaa hapa langoni mpaka unichoke." Akacheka, akanifungulia.

Mwalimu wa darasa lile mwenyewe haoni. Nilimweleza mambo yote, nikidhani ataniuliza mtoto alianza kuumwa lini. Akaniuliza, "Anapenda nini?" Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema anapenda kusema. Akatabasamu. "Huyo atasoma," akasema.

Akanifungulia kabati. Wifi, kitabu kimoja ni kikubwa kama mto wa kulalia! Hadithi ambayo sisi tungeitia mfukoni, kwao inajaza vitabu vitatu au vinne, maana kila herufi inachukua nafasi yake na karatasi ni ngumu. Wanaita maandishi ya nukta nundu. Akachomoa kimoja, akapitisha vidole, akatikisa kichwa. "Hiki kimekufa. Mtu alikilaza chini ya vingine, nukta zimebonyea." Vilivyo hai ni vichache, watoto wa pale wanavigombania, na haviazimwi nje.

Lakini hakuniacha nirudi mikono mitupu. Amenipa kibao chake cha zamani chenye vitundu, na kalamu ya chuma ya kutobolea. Nimevitia kwenye kifurushi hiki pamoja na karatasi yenye herufi zote. Unatoboa kuanzia kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi, nukta zinatokeza upande wa pili. Usicheke, nimejaribu mwenyewe na nimeandika jina lako likasomeka kama kikohozi.

Karatasi ngumu tafuta kalenda za zamani.

Wifi yako wa dobini


Tarehe 30 Machi

Wifi yangu,

Mungu akuzidishie. Kifurushi kimefika, kona moja imechanika lakini vitu vyote vizima. Mama mafua yamemwachia, sasa ni magoti. Mwenye duka ninaposhonea barazani amepaka rangi mpya na hataki tuegemee ukuta.

Chiriku kibao hakimtoki mkononi. Anasema shangazi ametuma karatasi yenye vipele. A ni kipele kimoja, B ni viwili vimepandana, na kuna herufi nyingine anaiita surua. Kalenda nimeomba kila duka, mpaka muuza dawa ananiona tu ananiambia, "Mama, mwaka haujaisha!" Tunajifunza pamoja. Mimi natazama na bado nakosea, yeye ananirudi kama mwanafunzi mtukutu: "Mama, umeruka nukta."

Shida ni kwamba herufi anazo, kitu cha kusoma hana. Anasoma niliyomwandikia jana, naye anayajua kabla hajagusa. "Mama," akaniambia, "niandikie kitu usichokijua." Nimefikiri sana. Kitu nisichokijua nitakiandikaje?

Mama mkwe haoni haja ya yote haya. Hasemi kwa ubaya. Anasema kwenye ukoo wenu hakujawahi kuwa na macho ya namna hii, kisha ananiangalia, kisha anaendelea kuchambua mchele. Nimezoea.

Mdogo hajambo. Anakua.

Kaka yako umemsikia? Hukuniandikia kitu juu yake.

Mama Chiriku


Tarehe 11 Mei

Wifi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimebanana, mashine moja ya kufulia imekufa na wagonjwa hawapunguzi kuchafua. Mimi mzima. Mpe mama pole ya magoti.

Nina habari njema. Mwalimu alinielekeza kwa wazazi wa watoto wasioona. Wanakutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha karakana ya seremala, ambaye mwanawe haoni tangu kuzaliwa. Nilibisha hodi nikiwaza nitaanzaje kujieleza, mimi si mama wala si baba. Mama mmoja muuza viatu akanisogezea benchi, akasema, "Kaa. Wako ana umri gani?" Sikumrekebisha.

Wifi, ungekuwapo. Wanasema mambo ambayo wewe umekuwa ukiyameza peke yako. Yule muuza viatu alisimulia jinsi alivyomfungia mwanawe ndani mwaka mzima akiona aibu, akasimulia tu, na hakuna aliyekunja uso. Wanafundishana namna ya kumfundisha mtoto kumimina maji ya moto bila kuungua, kutembea na fimbo, kumjibu mtu anayemwombea mtoto wako hadharani bila kuombwa. Na wananakili vitabu kwa mkono. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanatoboa. Chumba kizima kinalia tik tik tik kama mvua inaanza kwenye bati.

Niliwaeleza kuhusu Chiriku na kile alichosema juu ya kitu usichokijua. Seremala akasema, "Huyo apewe hadithi nzima." Wamechagua hadithi ya binti aliyepanda mlima kumtafuta punda wao. Tumeanza. Mimi natoboa taratibu kuliko wote.

Wamemwandikia pia mwalimu mkuu wako. Barua yao imo humu ndani. Inasema wako tayari kumpa vitabu vya kusomea kidogo kidogo, na mwalimu wa nukta nundu atakuja shuleni kumwonyesha la kufanya. Mpelekee mwenyewe, usimtume mtu.

Mdogo je? Anacheza? Ukimtikisia kitu mbele yake anakishika? Niandikie habari zake kwa urefu.

Wifi yako


Tarehe 9 Juni

Wifi,

Huku salama. Magoti ya mama yanapanda na kushuka. Nimeshona sare nyingi mwezi huu, vidole vimekufa ganzi.

Barua nilimpelekea mwalimu mkuu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Amekubali Chiriku aanze, siku mbili kwa juma, akae mbele karibu na mwalimu. Huyo mwalimu wenu alikuja kweli, amesafiri na fimbo yake na kijana wa kumshika mkono wakati wa kuvuka barabara. Watoto walimzunguka wakidhani ni mganga. Chiriku alimhoji mpaka akaomba maji. Wafikishie wote wale shukrani zangu, sina maneno.

Nimepata wenzangu wawili pia. Baada ya kumwona Chiriku akienda shule, mke wa fundi baiskeli alinijia barazani akijifanya anataka kupunguza gauni. Alikaa mpaka wateja wakaisha, ndipo akaniambia ana mtoto asiyeona, anamficha ndani. Na kupitia kwake nikampata bibi mmoja anayelea mjukuu. Mtaa mmoja, wifi, na hatukujuana.

Umeniuliza habari za mdogo kana kwamba wewe ndiye kliniki. Mdogo hajambo. Nimeshakuandikia hajambo. Usiniulize tena.

Nami nina swali langu, na mara hii nalipigia mstari. Kaka yako umemwona au hujamwona? Nimekuuliza kwenye kila barua na kila barua unaniandikia habari za mashine za kufulia.

Mama Chiriku


Tarehe 20 Julai

Wifi yangu,

Sina salamu ndefu leo. Mimi mzima.

Nimemwona. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei, kabla sijakuandikia ile barua. Gari la sabuni lilikuja dobini, nikatoka kuhesabu mapipa, na aliyekuwa akiyashusha alikuwa yeye. Amekonda. Alilikazia macho pipa asinitazame mimi.

Nikamwita. Nikamwambia, "Mkeo anakutafuta."

"Najua."

"Basi kwa nini huendi? Chiriku anakuulizia."

Akaketi juu ya pipa, akafunika uso kwa zile glavu zake. Akasema, "Mdogo bado anaona?"

Sikumwelewa. Nikasema mdogo ni mzima, barua zote zinasema ni mzima. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nilikuwa nikimpitishia taa. Kila jioni nampitishia taa nikimdanganya mama yake kwamba namchezesha. Hageuki, dada. Chiriku alianza hivyo hivyo. Sikuweza kukaa nikasubiri mara ya pili."

Nikamuuliza, "Na mwenzio aliweza?"

Akainuka, akaendelea kushusha mapipa.

Ndiyo maana nilikuuliza vile kuhusu mdogo. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nilijiambia kama hujui, si mimi wa kukujulisha kwa kipande cha karatasi. Na kama unajua na husemi, una sababu yako. Nikakaa katikati kama mwizi.

Nilikwenda kumwona daktari wa macho. Nilimweleza bila kutaja watu. Akasema ugonjwa wa namna hii kwa kawaida mtoto anaupata kwa wazazi wote wawili. Baba anabeba nusu, mama anabeba nusu, nao wanaona vizuri mpaka wanakufa. Wote wawili, wifi. Nilimwomba arudie. Wewe na kaka yangu. Kwenu na kwetu. Nitakuja kumwambia mama kwa mdomo wangu, usiubebe na mzigo huu.

Kaka nilimwambia maneno hayo hayo. Nikamshika mkono nikampeleka Jumamosi kwenye kile chumba. Nilidhani akiona wanaume wenzake pale, atapata nguvu. Seremala alimpa kibao, akamfundisha, naye akatoboa ukurasa mzima wa hadithi ya Chiriku, jasho likimtiririka. Alipomaliza aliushika kwenye mwanga akautazama. Akasema atakuja Jumamosi ijayo.

Hakuja. Nilikwenda chumbani kwake, mwenye nyumba akasema amehama. Kazi ya sabuni nayo ameiacha. Nimesubiri, nikidhani atarudi nikuandikie kitu cha kufurahisha. Nimechoka kusubiri.

Ukurasa wake umo kwenye kitabu. Una makosa mengi. Sikujua nifanye nini nao, nimeuacha.

Nisamehe.

Wifi yako


Tarehe 14 Agosti

Wifi,

Nimeisoma barua yako barazani mbele ya wateja, ikabidi nijifanye sindano imenichoma.

Ni kweli. Mdogo haoni. Nilijua kabla ya baba yake. Mama anajua, wifi. Unapomnyonyesha mtoto yeye anakutazama usoni, na wangu alikuwa ananisikiliza. Ananigeuzia sikio. Kwenye barua niliandika mtulivu kwa sababu neno jingine kalamu ilikataa. Na yale mambo ya taa niliyaona. Nilikuwa jikoni nachungulia, nikawaza, basi tuko wawili tunaojua, siku moja ataniambia, tutalia pamoja, kisha tutaamka tuanze upya. Asubuhi nikakuta begi halipo. Habari ya kutafuta kazi niliitunga mimi.

Kumbe muda wote huu alikuwa anashusha mapipa hapo uani kwenu, mzima, na mikono miwili.

Sikukasirikii wewe. Niliandika mengi ya kukutukana kwenye karatasi nyingine nikaichoma. Ungeniambia Mei ningekuja mbio na mtoto mgongoni, na angehama tu mapema zaidi.

Kuhusu wote wawili: nimekaa na maneno hayo kwa siku kadhaa. Nilidhani yatanipunguzia kitu. Nimebeba lawama ile mpaka imeshika umbo la mgongo wangu, na sasa umeniondolea, sijui nisimame vipi.

Ukurasa ule utoe. Uandike upya wewe. Mwanangu asome vidole vya watu waliobaki.

Mama Chiriku


Tarehe 3 Septemba

Wifi yangu,

Nimeutoa. Nimeandika upya, ikanichukua Jumamosi nzima maana macho yalikuwa yanajaa na nilikuwa naruka vitundu. Muuza viatu alikagua kwa niaba yangu, mwanawe akausoma kwa vidole mpaka mwisho bila kukwama.

Kitabu kimekamilika, ni vitatu. Siamini posta, wataviwekea mizigo juu na nukta zitalala. Nimeomba likizo. Nakuja navyo mwenyewe, nimevipakata mapajani. Nitamweleza mama kabla ya kuvua viatu, nikivua nitaogopa.

Usinipikie makubwa.

Wifi yako


Tarehe 6 Oktoba

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na mikono imezoea tena sabuni. Huku tu wazima. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa.

Mama hajasema lolote kuhusu ulichomwambia. Siku mbili nzima alichambua mchele. Siku ya tatu, nilipokuwa namwogesha mdogo, alikuja akanipokonya mtoto mikononi, akamwogesha yeye, akamsugua kila kidole. Kisha akaniuliza kama mgongo unaniuma. Hajawahi kuniuliza hivyo tangu nimeolewa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo ili asione, naye akajifanya hakusikia.

Wale wenzangu wawili wanakuja barazani kila Alhamisi, na mama mwingine ameongezeka. Mwenye duka ameturuhusu kuegemea ukuta. Wakija tunajifunza kutoboa, na kusema kweli tunalia zaidi kuliko tunavyotoboa. Mwambie muuza viatu kuna mmoja wetu bado anamficha wake ndani, hatumharakishi.

Mdogo nimempeleka hospitali. Wamesema yale yale niliyoyajua. Nilidhani nimejiandaa. Mtu hajiandai.

Kuna jambo moja sikukuambia ulipokuwa hapa, nami sitaki likae kifuani. Siku ile ulipomaliza kufunga begi, uliponiomba nikusindikize kituoni, Chiriku alikuuliza mlangoni, "Shangazi, baba yuko hai?" Ukaniangalia. Nikakuitikia kwa kichwa. Ukamwambia, "Yuko hai, mama." Akasema, "Haya, safari njema," akarudi ndani. Ukashukuru njiani kwamba mtoto ameelewa kirahisi.

Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni, kitabu cha kwanza mapajani, mdogo amelala ubavuni pake. Nikamwambia, "Chiriku, lile jambo la baba kuwa kazini mbali..."

Akanikatiza. "Mama, nilidhani amekufa mnanificha. Nilikuwa nimeshamlilia."

Nikaketi sakafuni karibu naye.

"Kumbe yuko hai," akasema. "Kumbe hataki tu."

Akatafuta mstari alipoishia, akaupata, akaendelea kumsomea mdogo wake habari za punda.

Mimi wifi yako,
Mama Chiriku